Simu Kwenye Injini

Baba alikuwa na namna yake ya kupeleka gari kwa fundi. Anafungua boneti, anatoa mfukoni kitochi chake, kile kisimu cha tochi, anampigia mdogo wangu aliyeko Dar, anaweka sauti ya juu, halafu anaisogeza ile simu karibu na injini kwa uangalifu wa mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Piga," ananiambia mimi niliyekaa kwenye usukani.

Napiga stata. Gari linaitika kwa uvivu, ng'uu... ng'uu... ng'uu, sauti ya ng'ombe asiyetaka kuinuka, kisha linanyamaza.

"Umesikia?" baba anauliza.

Haniulizi mimi. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo, ndiye niliyesikia kwa masikio na kwa makalio, lakini anayeulizwa yuko Dar, na nadhani mara nyingine alikuwa bado kitandani.

Sisi tunakaa Uru, juu ya Moshi mjini. Nilirudi nyumbani mama alipofariki, kwa sababu baba hakuwa na mtu wa kumpikia na ng'ombe hawakuwa na mtu wa kuwakamua. Kila asubuhi nashusha maziwa na ndizi kwa wateja wangu wa Njoro, huko mjini, kwa pikapu ya baba, na jioni napanda nayo. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na kwa mila zetu nyumba ya wazazi pamoja na kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Yeye anatengeneza malori Dar, na kihamba kinamsubiri. Migomba ya kwake nampalilia mimi.

Niseme wazi tu, nilimwonea wivu. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kukaa na baba yangu. Kwetu asiyekuwepo ndiye lake lipo, na sisi tuliopo tunaambiwa tupunguze kelele ili asikike vizuri kwenye simu. Nilitaka kitu kimoja, na nilikitaka kama mtoto anavyotaka pipi: baba aniulize mimi, hata mara moja, gari lina nini.

Mdogo wangu alianza na betri. "Mzee, hiyo betri imekufa hiyo, usijichoshe." Baba akanunua betri mpya. Gari likaendelea na ng'uu yake. Mdogo wangu akasema vichwa vya betri vina uchafu, tukavimwagia maji ya moto na kuvisugua mpaka vikang'aa. Ng'uu. Akasema oili ni nzito kwa baridi ya huko kwenu. Alisema "kwenu", nikasikia, baba hakusikia. Tukabadilisha oili. Ng'uu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ukiisema methali hiyo mbele ya baba anakutazama kana kwamba umemtukana askofu.

Jambo lililotuchelewesha zaidi ni mlima wenyewe. Huku kwetu hakuna anayelaza gari likitazama juu. Unaligeuza jioni, pua inaelekea chini, unaweka jiwe mbele ya tairi. Asubuhi likigoma unatoa jiwe, unaachia breki, linajiteremkia lenyewe, unaingiza gia ya pili, linashtuka na kuwaka. Kwa hiyo nyumbani lilikuwa linawaka siku zote, na ugonjwa ukakaa ndani yake bila kusumbua mtu. Aibu ilikuwa inanisubiri Njoro, kwenye barabara tambarare. Hapo nilikuwa natafuta vijana wa kunisukuma, nao walikuwa wananisukuma huku wakicheka. "Dada, hili gari au jeneza?" mmoja aliniuliza, chupa za maziwa zikigongana nyuma.

Asubuhi moja ya ukungu mzito nilikuwa nimewasha taa, zikamulika ukuta wa nyumba kando ya njia mbele yangu. Ukuta ule ulikuwa wa kijani kibichi, rangi mpya ya Desemba. Kila mtu anajua Wachagga wanavyorudi nyumbani Krismasi, na wazee wanavyojiandaa kuwapokea. Mdogo wangu alikuwa ameahidi kuja. Baba akapaka nyumba nzima kwa mkono wake, akanenepesha mbuzi, akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi. Siku zikafika, simu ikaja kwamba kazi zimembana. Mbuzi tulimla na majirani, na baba akanikabidhi mimi kidari kilichokuwa cha mdogo wangu. Kidari kile kilikuwa kitamu, na nilikila nikijua ni cha mtu mwingine.

Basi baba akasogeza simu kwenye injini kama kawaida, nikapiga stata taa zikiwa zimemulika ukuta ule, na nikaona kitu. Stata ilikuwa inazunguka kwa shida, ila taa hazikufifia hata kidogo. Betri ikiwa imechoka, ukipiga stata taa huzimia. Hizi zilikuwa zinawaka kama za harusi. Maana yake umeme upo wa kutosha, ila unakwama njiani kabla ya kuifikia stata. Hilo mtu wa Dar asingeweza kulijua. Alikuwa anasikia, haoni.

"Baba," nikaita, "taa hazififii."

"Ngoja kwanza," baba akanijibu bila kugeuka, "anaongea."

Aliyekuwa anaongea alikuwa anasema stata yenyewe imekufa, ifunguliwe, ifungwe kwenye boksi, itumwe kwa basi akaitazame. Baba akaitikia kwa furaha. Nilimtazama akirudi ndani kutafuta boksi. Hata stata ilikuwa inapata nafasi ya kushughulikiwa na yule bwana, na mimi ningebaki kubeba maziwa kichwani mpaka irudi.

Mchana baba alikwenda kwenye sala za jumuiya kwa jirani. Alipopotea tu nyuma ya migomba, nikatoa nyaya za kubustia betri. Nilichukua mmoja, nikabana ncha moja kwenye hasi ya betri na ncha nyingine kwenye chuma cha injini chenyewe. Nikapanda, nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa kasi ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uliopita, na injini ikawaka kabla sijajiandaa. Nilipiga kelele peke yangu uani, kuku wakakimbia. Stata ilikuwa nzima. Kilichougua ni eathi, ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha injini na chesisi, ile fremu ya chuma ya gari, ili umeme upate njia ya kurudi.

Nikazima, nikatandika gunia, nikaingia chini na spana. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima. Nikafungua nati upande wa chesisi, nikauondoa, nikamulika pale ulipokuwa umekaa.

Palikuwa pa kijani kibichi.

Nililala pale chini nikapatazama. Alipomaliza nyumba, mzee alikuwa amebakiwa na rangi kwenye kopo, na mtoto wake fundi wa magari alikuwa anakuja. Angeinama tu angeona kutu. Basi baba akaingia chini ya gari kwa magoti yake yale mabovu, akafungua kila alichoweza kufungua, akaipaka chesisi rangi ya nyumba, ikakauka, akarudishia mkanda juu ya rangi akakaza vizuri kabisa. Rangi haipitishi umeme. Gari lilikuwa linaumwa mapokezi ya mgeni ambaye hakuja.

Wivu niliokuwa nao kabla ya hapo ulikuwa mchezo. Mimi nimerudi nyumba hii na masanduku yangu, na hakuna aliyenipakia rangi hata mlango wa jiko. Nilichukua kisu nikakwangua ile rangi kwa hasira, nikamalizia kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, na vumbi la kijani likanimwagikia machoni. Sijui kama machozi yote yalikuwa ya vumbi. Nikarudisha mkanda, nikakaza nati, nikapaka grisi juu yake.

Baba alirudi akanikuta najifuta mikono. Nikamnyooshea ufunguo.

"Piga wewe," nilimwambia.

Akapanda, akageuza ufunguo. Gari likawaka papo hapo. Alishtuka mpaka kofia ikamkaa upande. Nikasubiri. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wake, mikono myeusi kwa grisi, na jibu langu nilikuwa nimeshalipanga kichwani tangu taa hadi rangi.

Baba akatoa kitochi mfukoni, akapiga.

"Shikamoo mzee," sauti ya mdogo wangu ikatoka.

"Marahaba. Sikiliza." Akaisogeza simu dirishani, injini ikasikika ikiunguruma vizuri. "Limepona. Dada yako amelitibu."

"Aisee! Sasa hiyo stata msiitume tena."

"Hatuitumi."

"Poa mzee. Safi sana." Nyuma yake nyundo ikagonga chuma. "Haya basi, baadaye."

Simu ikakatika. Tangu gari lianze kugoma sikuwahi kusikia wawili hao wakimaliza maongezi haraka namna ile. Baba alibaki kwenye kiti, injini inawaka, kitochi kiko mapajani, kioo chake kinajizimia. Nilikuwa nimeshinda na nilikuwa nasubiri utamu wa ushindi unifikie.

"Sasa kesho nampigia namwambia nini?" alisema. Alikuwa anausemea usukani.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mama ndiye aliyekuwa anaongea na mdogo wangu. Baba alikuwa anapewa simu mwishoni, anasalimiwa, anairudisha. Tangu mama afariki watu hawa wawili hawakuwa na neno zaidi ya salamu, mpaka gari lilipoanza kugoma. Miezi yote ile alikuwa anapigia simu sauti ya mtoto wake, na betri, na oili, na boksi la stata vilikuwa nauli tu. Nami nimeingia chini ya gari kwa kisu nikamkwangulia nauli yake.

Wivu haukuondoka. Ungekuwa uongo kusema uliondoka. Mimi baba ananiambia habari ya ng'ombe, ya mvua, ya magoti yake, ya ndoto ambazo mama humjia, na sijawahi kuhitaji kuharibu kitu ili niongee naye. Nililijua hilo pale pale, na bado nilitamani angenipakia rangi ule mlango.

"Mwambie waipa imekwama," nilisema.

Baba akageuka. "Waipa ni nzima."

"Yeye hajui."

Akanitazama, mikono yangu na grisi yake, gauni langu na udongo wake. Akaokota kitochi mapajani, akakifuta kwa kidole gumba.

"Ya kushoto au ya kulia?" akaniuliza.