Nimepigiwa vigelegele vya sabuni

Leo nimesifiwa kwa wimbo ambao si wangu.

Tamthilia niliyoitungia muziki wa kufungulia imeanza leo kwa TV. Mama akaita akina mama wote wa kanisa hapa Kianjai waje wauskize.

Ikikaribia kuanza, Mama Kendi, mwenyekiti wao, akasimama mbele ya TV.

"Kwanza tuombee kazi ya kijana yetu."

Jameni, si mnajua maombi ya akina mama wa huku?

Aliposema "Amina", tamthilia ilikuwa imefika kwa matangazo. Sabuni ya kufua ilikuwa inaimbiwa.

Vigelegele! "Mwenda, wimbo ni mtamu!"

Nikainama, nikashukuru.

Sasa kila mmoja anadhani kampuni ilinilipa kwa sabuni, na anataka nimpe kipande chake.

Nani anajua duka la jumla?