Simu Iliyolala kwa Mjomba

Veronika wa Towero, kijiji cha mlimani, hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu azaliwe. Hata jeneza la marehemu mumewe alilinunua kwa nyongeza: fundi alipokataa kushusha bei, aliambiwa basi mbao zilizobaki azipigilie kitu. Akapigilia kigoda, na kigoda hicho Veronika anakikalia mpaka leo akimenya viazi, bila huzuni yoyote, maana kiko imara.

Karoti zake zinaota mteremkoni, mahali ambapo mtu hupalilia huku ameshika kisiki asije akajikuta mjini kabla ya wakati. Miaka yote alizishusha kichwani hadi kwa Saada, anayepeleka mboga kwenye hoteli za Morogoro mjini. Walibishana bei vizuri, kila mmoja akaondoka amechoka na ameridhika. Hadi siku Saada aliposema:

"Mama Veronika, mpishi mpya wa hoteli anataka kuziona karoti kabla hajaagiza. Ukichimba, piga picha, nitumie WhatsApp."

"Karoti ipigwe picha, inakwenda kuomba kazi?"

"Mkulima mwenzako Paskalia ameshatuma zake. Zimeoshwa, zimepangwa kwenye sinia, utasema bi harusi."

"Paskalia anaziosha kwa sababu zinahitaji msaada."

"Mimi sijui. Mwezi ukiisha sijaona picha yako, oda ya msimu mzima inahamia kwake."

Oda hiyo ndiyo iliyokuwa mbolea, chumvi na bati la Veronika. Kesho yake akateremka tena, safari hii bila karoti, mpaka karibu na soko kuu alikokaa kijana Brian chini ya mwamvuli wa kampuni ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka simu ya kupiga picha karoti. Ya bei ya kibinadamu."

"Njia ni mbili, mama. Ukilipa taslimu, simu ni yako na bando unanunua siku unayotaka. Au unachukua ya mkataba: unatoa kianzio kidogo, halafu unalipa kidogokidogo kila siku, bando limo humohumo. Usipolipa, inajifunga."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Na nikilipa inafunguka bila kununa?"

"Bila kununa."

"Basi ina tabia kumshinda mume wangu. Haya, kianzio cha mwisho ngapi?"

"Ni hichohicho, mama. Kinapangwa na mfumo."

Veronika akageuka akaondoka, kwa ule mwendo wa mtu anayesubiri kuitwa. Hakuitwa. Akafika kwenye kona ya duka la vitenge, akasimama kutazama vitenge asivyovitaka. Akarudi akisema amesahau mwamvuli wake, ingawa hakuja na mwamvuli. Brian akautafuta kwa moyo mweupe hadi chini ya kiti, kisha akasema mwamvuli uliopo ni huu wa kampuni tu.

"Basi huo uwe nyongeza."

Ili apumue, Brian akapiga huduma kwa wateja na kumpa simu azungumze nao mwenyewe. Sauti ya mwanamke ikasema asubiri, yeye ni mteja muhimu sana. Veronika alijua fika kuwa sauti imerekodiwa. Ila alijua pia kwamba muuzaji anayekuita muhimu ameshaanza kulegea, kwa hiyo akataja bei. Sauti ikamshukuru kwa kusubiri. Akaongeza kidogo. Sauti ikampigia muziki. Akaudhika, akashusha tena. Mwishowe simu ya Brian ikaisha chaji, na Veronika akahesabu kuwa ameshinda.

Kulipa taslimu kulimaanisha kuuza nguruwe, na nguruwe alikuwa na mimba. Hakuna mwenye akili anayeuza nguruwe mwenye mimba kwa bei ya nguruwe mmoja. Akachagua mkataba.

"Nitahitaji mdhamini," Brian akasema. "Mtu anayeheshimika."

"Mjomba wangu Gervas."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa Waluguru ukoo, yaani lukolo, hupita kwa mama, na mwenye neno juu ya ardhi yake ni mjomba. Kitu ambacho mjomba amekiwekea dole gumba si chako peke yako. Wewe unakilima tu. Veronika aliyajua hayo kwenye mashamba. Hakufikiri kwamba simu nayo ina udongo.

Mjomba Gervas alikuja mjini na koti lake la kanisani, akaweka dole, akaipokea simu kwa mikono miwili na kuitia mfukoni.

"Italala kwangu," akasema. "Mwenye haja nayo atakuja kuiomba."

Wenye haja walikuwa ukoo mzima. Stephano, mwana wa dada yake Mjomba, aliiomba kwa ajili ya mpira. Mama wadogo wa Veronika, wanakwaya wa kanisani, waliiomba kwa ajili ya video za kwaya. Simu ikawa inapelekwa nyumba kwa nyumba juu ya ungo, imefunikwa kanga, kama maiti ya kuku. Siku ambayo Veronika alipangiwa zamu, mvua ilinyesha na karoti zikabaki ardhini. Kulipa hakulipa mtu. Kila mmoja aliona ni aibu kulipia peke yake mali ya ukoo.

Ikajifunga.

"Imesusa," Mjomba akatangaza. "Kuna mtu ameikosea." Akaitisha kikao cha kuisuluhisha.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku yake ya mwisho. Veronika alikuja kikaoni na kigoda chake cha mbao za jeneza na kikapu cha karoti, kwa sababu kutoka hapo alikuwa anaelekea mjini, picha ipo au haipo. Simu ilikuwa katikati, juu ya ungo, inaangaliwa.

"Mjomba, naomba kuuliza. Simu hii ni yangu au ya ukoo?"

"Dole ni langu. Ni ya ukoo."

"Na deni?"

Mjomba akakohoa. Asubuhi hiyo kampuni ilikuwa imempigia kwenye kitochi chake, kisimu cha vitufe, na hakumwambia mtu.

"Deni ni lako, wewe ndiye mtumiaji."

"Mimi sijaitumia hata siku moja. Kama ni yangu, nipe sasa hivi nishuke nayo, nikamrudishie Brian."

Stephano akainuka. "Dada, Jumapili kuna fainali."

"Basi ni ya ukoo, na deni la ukoo. Lakini kianzio kilitoka mfukoni kwangu. Nirudishieni, nijitoe."

"Ukoo hauna hela," Mjomba akasema.

"Una beberu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama wadogo wa kwaya ndio waliomaliza ubishi. Walisema beberu hana sauti na simu inayo. Veronika akashuka mlima, karoti kichwani, beberu mkononi.

Brian alipomwona akaangalia pembeni, lakini alikuwa amechelewa.

"Ya mkataba nimemwachia mjomba. Nataka ya kwangu, iliyokwishatumika. Nalipa mbuzi."

Brian alikuwa na simu yake mwenyewe ya zamani aliyokuwa anaiuza pembeni, na alikuwa na shughuli ya ukweni Turiani iliyohitaji mbuzi.

"Ina ufa kwenye kioo, mama."

"Ufa hauonekani kwenye karoti."

"Na bando, nikuwekee la mwezi?"

"Karoti zangu hazichimbwi kila siku, nilipie siku zilizolala kwa nini? Weka vocha ya leo. Iwe nyongeza."

Akamwaga karoti palepale chini ya mwamvuli, na udongo wake, akapiga, akatuma. Muda si mrefu simu ikalia.

"Nimeziona," Saada alisema. "Mpishi amefurahi kuona udongo, anasema hizi ndizo za kweli. Oda ni yako. Ila anauliza, huyo mbuzi nyuma ya karoti bei gani?"

Veronika akageuka. Beberu alikuwa amemaliza vipeperushi vya mikataba na sasa anatafuna pindo la mwamvuli wa kampuni, Brian akivuta upande wa pili.

"Mwanangu, huyo mbuzi utamfikishaje Turiani? Niuzie." Akataja bei.

"Hapana, mama. Bei yake ni ileile ya simu."

Veronika akakusanya karoti, akajitwisha, akaondoka kwa mwendo wake ule. Mwamvuli ukachanika.

Safari hii hakufika hata kwenye vitenge. Aliitwa.