Kiboksi Nilichokiweka Tisa

Mie ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo sina pa kujificha. Mambo ya nguvu, uzito na msuguano nayafundisha kila wiki, nimeshika chaki kama mtu anayejua anachosema. Lakini siku niliponunua gari la foowili, lile linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, lililotumika, la dizeli, lenye sura ya kufika popote, fizikia yote niliiacha shuleni.

Safari zangu zilikuwa mbili tu: kutoka nyumbani Segerea kwenda kazini, na Jumapili kanisani. Kipande kibovu kilikuwa mtaa wetu wenyewe, udongo mtupu, ambao majirani wenye vigari vidogo walikuwa wanaupita kila siku bila kelele. Hilo halikunizuia. Nililinyanyua gari kwa springi ndefu, nikalivalisha matairi mapana yenye meno kama ya trekta, nikalifunga bampa la chuma, na ubavuni nikapandisha bomba la kuvutia hewa mpaka usawa wa paa, ili siku nikivuka mto injini isije ikanywa maji. Mto wenyewe wa kuvuka sikuwa nao. Mke wangu alilitazama, akauliza swali moja: "Sasa mie na sketi nitapandaje?" Nikamletea kistuli.

Baada ya hapo gari likawa zito. Kilima kidogo tu linahema, na nyuma yangu watu wanapiga honi. Nikalipeleka Mikocheni kwa mzee mmoja mwenye gereji, Mhindi mzaliwa wa Dar, ambaye Kiswahili chake kinanishinda mie wa bara. Nikampa shikamoo. Aliitikia huku analizunguka gari, mikono mgongoni.

"Mwalimu, gari lako lilikuwaga zuri."

"Lilikuwaga?"

"Umelipandisha juu, umelibebesha chuma, umelipa matairi mazito. Sasa unatafuta nguvu. Nguvu ya kubebea nini? Vitu hivyo hivyo ulivyoviweka. Toa bampa, rudisha matairi yake, uone kama halikimbii."

Nilimshukuru kwa heshima zote, nikaondoka nimenuna. Nilifuata dawa, nikapewa nasaha.

Dawa niliipata kwenye simu. Nilikuwa mwanachama wa kundi la wapenzi wa magari ya porini, ambamo nilikuwa naandika sana na kusafiri sifuri. Kila wakipanga kwenda porini, mie nina mitihani ya kusahihisha. Mmoja akanielekeza kwenye kiboksi cha kuongeza nguvu ya injini, kidogo kama sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Unakichomeka kwenye waya wa injini, kinaidanganya kompyuta ya gari kwamba mafuta yanakuja kwa unyonge, nayo inaongeza dizeli. Nikaagiza. Kilikuja na kitufe cha kuzungusha, namba moja hadi tisa, na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema anza na mbili, endesha wiki nzima, kisha panda taratibu. Mie ninayewakata wanafunzi alama kwa kutosoma maelekezo, nikaweka tisa.

Nilikifunga mwenyewe, Jumamosi asubuhi, uani. Nikawasha, nikakanyaga mafuta. Gari liliunguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na nyuma yake likatoka wingu jeusi, zito, likavuka ukuta na kutua juu ya mashuka meupe ya jirani yetu.

"Jirani!" alipiga kelele mama wa watu. "Unachoma nini huko?"

Niliomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Mke wangu alitoka, akayachukua yale mashuka, akayafua upya bila kunitazama. Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa bado natabasamu. Gari lilikuwa na nguvu.

Jumatano iliyofuata nikatumwa kituo cha mabasi cha Mbezi Luis kumpokea mama mkwe anayetoka Upare. Mama huyu ni muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye maneno machache, na tangu nioe nilikuwa sijui ananionaje. Nilijiambia leo atajua binti yake ameolewa na nani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika mchana, nikaona hata mbingu ziko upande wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili ndilo gari?"

"Ndilo, mama."

Alilitazama kuanzia chini mpaka juu. Kistuli nilikuwa nimekisahau nyumbani, na kumshika kiuno mama mkwe nimpandishe ni jambo lisilofikirika. Nikabaki nimeduwaa mbele ya abiria na wapagazi. Yeye akakunja kitenge, akakanyaga tairi, akashika mlango, akaingia kama aliyezoea.

Tukachukua barabara ya Kinyerezi. Kwenye kilima cha kwanza nikakanyaga mafuta ili aisikie injini. Aliisikia. Ilinguruma, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, kisha nguvu zote zikaisha kama mshumaa uliopulizwa. Nikakanyaga mpaka mwisho, gari likaendelea kutambaa vilevile. Bajaji ikatupita. Ikatupita ya pili, imebeba kabati la nguo na mtu amelishikilia.

"Mwanangu," akasema mama taratibu, "gari linaumwa?"

"Hapana mama. Naendesha polepole kwa ajili yako. Umetoka mbali, umechoka."

"Ahaa. Asante."

Uongo ule niliusikia ukikaa katikati yetu kama abiria wa tatu. Tukafika kileleni. Nikasimama pembeni nikisema napigiwa simu, nikazima gari, nikawasha tena, taa ikazimika na nguvu zikarudi. Badala ya kushukuru na kwenda kwa adabu, nikajipa moyo kwamba ubaya umepita.

Mtaa wetu ulikuwa umegeuka uji. Hii ndiyo siku niliyoingoja, nikasema kimoyomoyo. Nikaingia kwa kishindo. Matairi ya nyuma yakazunguka kwa hasira, tope likaruka mpaka kwenye kioo cha mbele, moshi mweusi ukatufunika, na gari likakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Kila nilipokanyaga, lilizama zaidi. Jirani wa mashuka alitoka na kusimama barazani kwake, mikono kiunoni.

Mama mkwe alisubiri nimalize kuhangaika. Kisha akauliza, "Foowili umeingiza?"

Pembeni ya gia kulikuwa na kigia kingine kifupi. Nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumamosi. Kukitumia, sijawahi; niliogopa nitaharibu kitu. Na mtu mwenye gari la namna ile hawezi kumuuliza mtu.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijui kinavyoingizwa. Na kule kilimani nilikudanganya. Gari lilikata nguvu kwa sababu ya kifaa nilichokifunga."

Hakucheka. "Nilijua taa ilipowaka," alisema. "Hebu shuka, nipishe."

Nilishuka, tope likanimeza mpaka kwenye soksi. Mama akahamia kwenye usukani, akakisogeza kiti mbele, akavuta kile kigia mpaka kikalia kwa ndani. Miaka kumi na minne, alinieleza baadaye, aliendesha gari la zahanati kwenye milima ya kwao, akipeleka chanjo na kushusha wajawazito hospitalini usiku na mchana. Alirudi nyuma kidogo, akaenda mbele kidogo, bila hata kupandisha injini sauti, na gari likatoka kwenye shimo lile kama linatoka kanisani. Jirani akapiga makofi. Mie nikafuata kwa miguu, nimebeba viatu na kikapu cha ndizi alichokuja nacho mama.

Mzee wa Mikocheni alilisoma gari kwa mashine yake. Akaniambia injini ilikuwa inapewa mafuta kupita kiasi mpaka ikaamua kujilinda. "Imekuzidi akili," alisema, "lakini nozeli za kupulizia dizeli zimepona, bahati yako." Akashusha kitufe mpaka mbili. Safari hii nilimwomba atoe na bampa, na hakusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema.

Mama alikaa nasi wiki tatu. Jioni, nikitoka shule, tulikuwa tunakwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mtaa, yeye kiti cha abiria na kitenge chake, mie kwenye usukani. "Mguu wako mzito," alikuwa ananiambia. "Gari halitaki kutishwa." Siku ya kwanza injini ilinizimikia mara tano kwenye dimbwi moja. Mara ya sita ndiyo alipocheka, cheko refu ambalo sikujua analo, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge na kuniambia niwashe tuanze upya.