Wimbo wa Mtaro Katika Wodi ya Wanawake

Ninyi mnaonisikiliza, na hasa wewe uliyeambiwa kwamba utapasuliwa, niangalieni vizuri. Niko hapa, nakula, na tumboni nina mshono unaotoka chini ya kifua hadi kitovuni. Naitwa Wayua. Nilizaliwa karibu na Mukuyuni, nikaolewa Kanyangi, upande wa Kitui, na haya yalinipata miaka ya themanini, mtoto wangu wa mwisho akiwa hajaanza shule. Nitayasema yalivyokuwa, hata ya aibu, kwa sababu mgonjwa hasaidiwi na habari iliyosafishwa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa jembe. Wanawake wa upande wetu tulikuwa na mwethya, yaani tulifanyiana kazi kwa zamu, leo shamba lako, juma lijalo langu. Kazi kubwa ilikuwa mitaro ya fanya juu. Unachimba, unarusha udongo upande wa juu, ili mvua ikija isiondoke na shamba. Kazi hiyo haiendi bila wimbo, na mwimbishaji nilikuwa mimi. Mwimbishaji anatoa maneno, wenzake wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja kwenye kiitikio. Kundi letu lilikuwa na sheria moja ambayo wageni waliiona ya kitoto. Mwimbishaji akikutaja jina na kukutania, lazima umjibu kwa ubeti wako mwenyewe. Usipojibu, majembe yanalazwa chini na kazi inasimama. Hakuna anayekukaripia. Wanakutazama tu mpaka ujibu. Mimi nilifurahia sana kuwasimamisha wenzangu, hasa jirani yangu Kalekye, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno.

Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama. Nikawa nameza vidonge vya dukani vya maumivu, asubuhi kabla ya kutoka, na chai ya rangi, tumbo likiwa tupu. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofanya. Baadaye nikaanza kusikia moto chini ya kifua. Choo kikawa cheusi kama lami. Sikumwambia mtu, maana choo si habari ya kupeleka kwa majirani. Nilipoumwa zaidi, nilimeza vidonge zaidi, na vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanila.

Siku tumbo lilipotoboka nilikuwa ndani ya mtaro, katikati ya ubeti. Maumivu yalikuja mara moja na kupanda hadi begani. Nilikaa chini, nikatapika, nikajikunja. Tumbo likawa gumu kama ubao, mtu hawezi kuligusa. Wenzangu walinibeba juu ya kitanda mpaka barabarani, na mwenye duka akatoa pikapu yake. Kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Hospitalini daktari aliniminya mara moja tu, akamwambia mume wangu kwamba tumbo lina tundu na uchafu umemwagika ndani, na kwamba wakinichelewesha nitakufa. Mume wangu akatia kidole gumba kwenye wino, akakubali nipasuliwe.

Nilizinduka nikiwa na mpira puani, mwingine ukitoa mkojo, na maji yakiingia mkononi. Mwanzoni walinichoma sindano za maumivu nikawa nalala. Kisha daktari akasema sindano hizo haziendelei, mtu huzizoea, na vile vidonge nilivyovizoea nisivimeze tena maishani. Dawa niliyobakishiwa ilikuwa hafifu. Sasa ndipo nikakutana na maumivu yenyewe. Yalikaa pale kwenye mshono yakingoja nipumue.

Nikaona afadhali nisipumue. Nilikuwa navuta hewa kidogo, ya kooni tu, bila kusogeza tumbo. Kukohoa nilikataa kabisa. Muuguzi wa zamu, tuliyemwita Sista, aliniletea mto, akanionyesha jinsi ya kuukumbatia juu ya kidonda na kukohoa. Nikafumba macho. Kuketi nilikataa, kutembea ndiyo usiseme. Homa ikapanda. Kifua kikaanza kukoroma ndani, na mdomo ukawa na ladha ya chuma. Sista aliinama akaniita kwa jina la mwanangu, akaniambia, bila ukali: "Mama Mutua, hii kifua inajaa. Hakuna mtu atakohoa kwa niaba yako."

Daktari alizungumza na mume wangu miguuni pa kitanda changu, wakidhani nimelala. Nilisikia kila neno. Alisema tumbo linapona vizuri, lakini kifua ndicho kitakachoniua. Niliogopa, nawaambia kweli. Lakini kidonda nilikiogopa zaidi.

Siku ya kuona wagonjwa watu wa kanisa letu, wenzangu wa mwethya wakiwemo, walikuja, wakaniimbia. Waliimba nyimbo za taratibu, zile za kuvuka upande wa pili, kwa sababu ndivyo walivyojua kumwimbia mgonjwa. Mama wa kitanda cha pili alijifunika uso, akidhani kuna aliyekufa. Kila mstari ulikuwa mrefu, na mimi nikawa nazuia pumzi mpaka uishe. Walinishika mkono mmoja mmoja, wakatoka wakipangusa macho. Nikaelewa kwamba nimeagwa.

Kalekye hakutoka. Alisimama kando ya kitanda na mkoba wake, wenzetu wa mwethya wakiwa bado mlangoni. Halafu akaanza wimbo wa mtaro, kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwahi kuimbisha.

"Wayua amepata kitanda cha chuma, mtaro wake ameuachia nani?"

Wale wa mlangoni waliitikia kwa kuguna, kama kawaida yao. Kisha wote wakanyamaza. Walirudi ndani, wakasimama, mikono imefungwa, wakanitazama. Sikujibu. Waliendelea kunitazama. Sista naye akasimama na sinia yake, hajui kinachongojwa. Mimi nilijua. Kazi ilikuwa imesimama kwa ajili yangu.

Nilikasirika. Kumbe Kalekye alikuwa ameyaweka moyoni yote niliyomfanyia. Maneno ya kumjibu yalikuja mara moja, nilikuwa nayo tele, lakini pumzi ya kooni haikutosha ubeti. Nilijaribu, ikatoka sauti ya paka. Basi nikauvuta ule mto juu ya tumbo, nikavuta hewa mpaka chini kabisa, mara ya kwanza tangu nipasuliwe.

"Kalekye anauliza mtaro wangu, na wake ng'ombe wameubomoa!"

Walicheka na kuitikia, na mimi nikashikwa na kikohozi. Nilidhani nyuzi zimekatika. Nililia kwa sauti, machozi na kamasi pamoja. Yakatoka makohozi mazito, ya manjano na kijani, Sista akaleta karai na kusema, "Tena." Nikakohoa tena. Kalekye alikuwa amenishika mgongo, na yeye pia alikuwa analia.

Sitawadanganya kwamba wimbo uliondoa maumivu. Nilichokiona ni kwamba wakati natafuta maneno ya ubeti, maumivu sikuyasikia sana. Na yalipata mahali pake. Mwimbishaji akiimba, mimi navuta hewa na kupumzika. Kiitikio kikifika, napumua kwa nguvu, nakohoa, naumia, halafu yanapita. Kabla ya hapo niliumwa wakati wote kwa kuyangoja.

Sista alimruhusu Kalekye kuingia hata nje ya saa za wageni. Tuliimba polepole tusiwasumbue wenzetu. Kwa wimbo huo niliketi, nikashusha miguu, nikasimama nikiwa nimepinda. Nilitembea kutoka kitandani hadi dirishani, hatua kwenye kiitikio, kwa sababu kwenye mwethya hakuna anayeacha mstari wimbo ukiendelea, na miguu yangu haikujua kwamba hapa ni hospitali. Homa ikashuka. Daktari alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akatabasamu. Aliniambia ziko nchi ambako watu husomea kazi ya kuwatuliza wagonjwa kwa muziki. Nilicheka, nikaumia.

Kabla sijaruhusiwa kwenda nyumbani aliletwa wodini kutoka Kitui mjini mama mmoja aitwaye Halima, mke wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki. Alikuwa amepasuliwa kama mimi, naye alikuwa akipumua ile pumzi ya kooni. Sista akaniomba nimsaidie. Nilikwenda na kiburi changu chote, nikamwimbia wimbo wa mtaro. Halima aligeuza uso ukutani.

"Mama, kelele hii ni ya nini?" akasema. "Mimi jembe sijashika maisha yangu."

Niliacha kuimba. Kisha nikamwuliza mikono yake ilikuwa inafanya kazi gani nyumbani. Akasema ni maziwa. Kwao wanawake hutia maziwa katika chombo na kukisukasuka mpaka siagi ijitenge, na hawakisuki bila kuimba. Nikamwuliza wanaimbaje. Akasema huo si wimbo wa hospitali. Sikubishana naye. Nilikaa kwenye kiti, nikafunga mikono, nikamtazama.

Alianza kwa kunong'ona, katika lugha yake. Sikuelewa hata neno moja. Mikono yake juu ya blanketi ikaanza kwenda na kurudi, na kila ilipokwenda pumzi ilizidi kuwa ndefu. Nilimwekea mto tumboni. Akakohoa, akanishika mkono kwa kucha, akaniambia nimemuumiza. Halafu akaendelea kuimba.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari na Sista, na Kalekye namshukuru mbele yenu, maana uso kwa uso angenitania. Ninyi mnaomeza vidonge vya maumivu bila chakula, acheni. Ukiona choo cheusi, sema, hata kama ni aibu. Ukipasuliwa, kumbatia mto na ukohoe, utaumia na utapona. Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa, usimchagulie wimbo. Mwulize alikuwa akiimba nini alipokuwa mzima, kisha nyamaza, umngoje aanze.