Siku Mkuu Alipokalia Mikono

Siku ya kwanza alipoingia ofisini nilisimama wima, mikono nyuma, nikasema, "Shikamoo mwalimu!" kwa ile sauti ya darasa zima. Miaka ishirini na minne imepita tangu nitoke shuleni kwake. Nina ofisi, nina muhuri, nina watoto wawili, lakini miguu yangu haikuwa na habari hizo. Akaitikia, "Marahaba, keti." Nikaketi. Ofisini kwangu mwenyewe! Na yeye ndiye mwanafunzi, mimi ndiye msimamizi wake.

Tulimwita Mkuu tangu zamani, na mpaka leo ni Mkuu. Aliongoza shule ya msingi miaka thelathini na moja, akastaafu, akakaa nyumbani miezi mitatu akimpangia mkewe ratiba ya jikoni, mpaka mkewe akachoka: "Baba watoto, katafute watu wengine wa kuwapigia kengele." Akaenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, mzee wa miaka sitini na moja. Kwenye mitihani aliwafagia vijana wote. Kasheshe ikawa mafunzo kwa vitendo, zile saa mia tano ambazo mwanafunzi hukaa na watu wenye shida zao, akiangaliwa na msimamizi, kabla hajapewa shahada. Kituo cha kwanza kilimrudisha baada ya wiki mbili. Cha pili kilimrudisha na barua ndefu. Chuo kikamleta kwetu, ofisi ya ustawi ya hospitali, na mhadhiri wake akanipigia simu, hakuzunguka: "Akishindwa hapo, ndiyo basi tena."

Mama yangu aliposikia alipiga kigelegele. "Unamsahihisha Mkuu? Wewe uliyekuwa ukijificha chooni kumkwepa? Mwanangu, dunia duara!"

Mama alikuwa na kicheko, mimi nilikuwa na kazi. Ofisi yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia nilikuwa nikisikia mambo. "Simama ujieleze." "Umeelewa? Haya, rudia nilichosema." Kile kidole chake cha shahada kikiwa hewani kuanzia asubuhi hadi jioni. Watu wazima walitoka pale wakijifunga vifungo vya shati. Babu mmoja aliyeleta mjukuu wake kutibiwa alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani, nami nilicheka mpaka nikaingia kabatini kujificha, kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa wa ofisi na napaswa kukasirika. Nikakasirika kweli, maana kukasirika siko mbali nako.

Lakini kilichonimaliza ni kumbukumbu zake. Katika kazi yetu mwanafunzi akishazungumza na mtu huandika mazungumzo yote, neno kwa neno, katika safu tatu: alichosema mteja, nilichosema mimi, na nilichohisi. Hapo ndipo msimamizi anapoona kilichotokea. Sasa, wodini alikuwapo fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akakatwa mguu mmoja juu ya goti. Madaktari walishamruhusu, yeye hataki kwenda nyumbani, na hasemi kwa nini. Nikamtuma Mkuu. Dakika ya nne nikiwa ukumbini nikasikia kikombe kikigonga ukuta, na Fundi akifoka, "Toka hapa, mzee mdomo! Kahutubie kuku wako!"

Jioni nikaletewa kumbukumbu, mwandiko wa kupendeza, mistari imepigwa kwa rula. Safu ya mteja ilisema: "Nakushukuru kwa ujio wako, mheshimiwa, ila kwa sasa naomba nipumzike." Safu ya nilichohisi ilikuwa na kistari kimoja kirefu kuanzia juu mpaka chini.

"Mwalimu," nikasema, "kuku wako wapi?"

"Kuku gani?"

"Kuku aliowataja Fundi! Na kikombe! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Mkuu akavua miwani. "Siwezi kuandika lugha ile. Nimeisafisha."

Jamani! Nikagundua kwamba kwa miezi karibu mitatu wateja wetu wote, wachuuzi, madereva, mama wa watoto sita, walikuwa wakizungumza kama watahiniwa wa insha. Alikuwa akiwasahihisha. Nilipiga meza, nikamwambia mtu mwenye uchungu akikupa uchungu wake unaupokea ulivyo, huufui wala huupigi pasi, na kama hawezi hilo aniambie leo nimwandikie barua ya kumrudisha chuoni. Nikishasema hivyo nikaogopa, maana nilikuwa nimemfokea Mkuu. Nilingoja aniambie nipige magoti.

Akarudisha miwani usoni. Kisha akasema polepole, "Kila asubuhi nilisimama getini na saa yangu. Waliochelewa niliwarudisha kwao. Miaka thelathini na moja, binti yangu, sikumuuliza hata mmoja kwa nini amechelewa. Nataka nijifunze kuuliza kabla sijafa. Naomba usiiandike hiyo barua." Nikajifanya natafuta kalamu. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na huyu wangu alikuwa ameshakauka siku nyingi, lakini sasa nilitaka apite kuliko alivyotaka mwenyewe.

Mhadhiri akapanga siku ya mwisho: atakuja kumtazama Mkuu akizungumza na Fundi, kisha atasoma kumbukumbu, kisha ataamua. Fundi alikubali tukae pembeni. Alisema hata tukileta bendi, yeye hafungui mdomo. Nikampa Mkuu masharti mawili tu. Usitoe jibu ambalo hujaombwa. Na hicho kidole, mwalimu, nakuomba, kisinyanyuke.

Basi siku ikafika, Mkuu akaketi kando ya kitanda na tai yake, akamsalimu Fundi, akamwambia, "Nipo kukusikiliza." Kisha akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja akavikalia. Fundi kimya. Mkuu kimya. Dakika moja. Dakika mbili. Mhadhiri akaandika kitu, nikachungulia, sikuona. Mkuu alikuwa akitokwa na jasho mpaka kwenye nyusi, mabega yakipanda na kushuka kila jibu lilipomfika mdomoni akalimeza. Dakika ya tano Fundi akageuza kichwa.

"Mzee, mbona umekalia mikono?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu akajibu, "Nimekatazwa kukunyooshea kidole. Nikikunyooshea, wananifukuza."

Fundi akamtazama. Akatutazama sisi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, kitanda kikitikisika, muuguzi akakimbilia mlangoni akidhani mgonjwa kazidiwa. "Kumbe na wewe una mtihani!" Akajifuta macho. "Wangu mimi ni ngazi."

"Ngazi," Mkuu akasema.

"Nakaa ghorofa ya tatu. Nitabebwa kama gunia la saruji, mzee. Niwaombe majirani kila nikitaka kushuka kuota jua! Bora nife hapahapa."

Nilimwona Mkuu akivuta pumzi. Hama nyumba! Tafuta chumba cha chini! Niliyaona maneno yamejipanga mstarini kama watoto wa asubuhi. Akayaacha hapohapo. Akauliza, "Ngazi ngapi?"

"Thelathini na sita. Nimezihesabu kila usiku humu." Na Fundi akalia, Mkuu asiseme neno, asimwambie nyamaza. Nami nikalia, mhadhiri akanipa karatasi yake ya kuandikia nijifutie.

Kumbukumbu aliyoileta ilikuwa na kila kitu, hata "bora nife". Safu ya tatu, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na maandishi: "Nilitaka kumpa jibu. Sikuwa nalo. Niliogopa sana." Mhadhiri akasoma mara mbili, akatia sahihi. Nikagonga muhuri kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Mkuu akauliza amepata ngapi. Nikamwambia hapa hakuna maksi mwalimu, kuna kupita, na umepita, saa zako zimetimia, nenda kamwambie mama watoto!

Kesho yake asubuhi nasikia zogo kwenye ngazi za hospitali. Nikatoka mbio. Fundi ameketi kwenye ngazi, mgongo umeelekea juu, anajisukuma kwa mikono, makalio ngazi moja, kisha nyingine, mtaalamu wa viungo akimwangalia kwa karibu. Wazo lilikuwa lake mwenyewe Fundi: hakuna wa kunibeba, nitapanda hivi. Na chini yake kidogo, amekalia ngazi vilevile, tai begani, suruali ya suti inafagia vumbi la hospitali nzima, Mkuu.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Umeshamaliza saa zako! Unafanya nini hapo?"

"Sijui," akasema akihema. "Amesema hataki kutazamwa akipanda peke yake."

"Punguza maneno, mzee," Fundi akamwambia kutoka juu. "Umebaki nyuma ngazi tatu."