Sikukuu Zilizoliwa na Konji

Leo, kwenye dirisha la karani wa ghala la pamba hapa Kasongo, nilisimama nyuma ya mzee mumoja. Alikuwa ametoka kijijini kwao Wamaza, kwenye konji, likizo yake ya miaka kumi ya kazi.

«Bwana karani, konji yangu imekula sikukuu ya Wabeleji na Jumapili nne. Munirudishie siku hizo tano. Nyumba ya mama imebaki upande mumoja bila nyasi, na mvua iko karibu.»

Karani hakuinua macho. «Siku hizo ulifanya nini, baba?»

«Nilikuwa juu ya nyumba, naezeka.»

«Basi ulifanya kazi. Sikukuu ni ya kupumzika. Hakuna ya kurudisha.»

Mimi, niliyeacha shule mwaka wa tatu na bado nawashinda makarani kwa maneno, nilishafungua kinywa. Mzee akaniwahi. Alivua kofia, akaiweka taratibu dirishani.

«Siku zote nilikuwa juu ya nyumba ile, mwanangu. Basi konji sijapata hata siku moja. Unirudishie zote.»

Kalamu ikasimama. Karani akapiga mwayo. «Rudi kesho.»

Kesho ni sikukuu ya Bikira Maria, ofisi imefungwa. Mzee atapumzika vizuri hapa Kasongo. Paa liko Wamaza.