Bi Mwanasha alivyodai ajira ya kudumu mlangoni kwa bibi harusi

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa "Bwana asifiwe" nanyi nimewaona.

Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, nimekaa mkekani na sahani ya halua mapajani. Chumvi sijatia.

Mimi ni binti wa Buxton, hapa Mombasa. Wazazi walitoka Voi kufuata kazi ya reli, kwa hiyo jina langu ni la Kitaita na Kiswahili changu ni cha hapa hapa.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya muda ya kukusanya data kwa mtafiti mmoja wa sosholojia. Alitaka kujua kwa nini soko la ajira lina vyumba viwili: cha wenye mkataba, likizo na bima, na cha vibarua. Na kwa nini kutoka chumba kimoja kuingia kingine ni shughuli, hata mtu awe hodari vipi.

Nikapangiwa Shimanzi, kule karibu na bandari, kwenye godauni la chai.

Jamani, harufu ile! Asubuhi, matrela yakiwa hayajaanza vurugu zao, vumbi la chai huelea hewani, na jua likipita ndani yake kila kitu hugeuka rangi ya asali. Nilikuwa nikitembea mle kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Langoni ndiko nilikozinduka.

Kila siku wanawake walisimama kwenye kivuli cha ukuta, na msimamizi, kijana aitwaye Faraj, akatoka na kunyoosha kidole. Wewe. Wewe. Na wewe. Aliyenyooshewa aliingia kuchekecha chai na kushona magunia. Wengine walirudi makwao.

Faraj si mtu mbaya, niseme ukweli wangu. Mpole, na salamu zake hazikosi.

Bi Mwanasha alikuwa mmoja wa wale wa ukutani. Mama wa makamo, magoti yanamsumbua, kibarua tangu kifungua mimba wake akiwa bado mgongoni. Wakati ule ofisini kulikuwa na nafasi moja ya kudumu, na Faraj ndiye wa kupendekeza jina. Bi Mwanasha aliitaka nafasi ile hadi akawa anaiota.

Alinihadithia ndoto yenyewe. Yuko kitandani, ana homa, dirisha li wazi, na hana wasiwasi wowote. Basi. Huyo mama ndoto yake ilikuwa kuugua kwa raha.

Nikamuuliza swali langu la utafiti: hapa mtu hupataje kazi ya kudumu?

"Mwanangu, ni kushikwa mkono," akanijibu. "Na wangu mimi haushikwi na mtu, ila bibi arusi."

Kumbe mama huyu kwao Mji wa Kale ni somo. Kwa wasiojua, somo ndiye anayemfunda mwari mambo ya ndoa na kumsimamia siku ya harusi. Watu wenye majumba, ambao wakipishana naye njiani hawamtambui, wakiwa na binti wa kuoza humfuata chumbani kwake kwa adabu zote. Shimanzi yuko chini, Mji wa Kale yuko juu, na katikati ni nauli ya tuktuk tu.

Sasa sikilizeni. Mwari aliyekuwa akimfunda, Nuru, alikuwa anaolewa na nani? Na Faraj!

Bi Mwanasha akanialika. "Ndoo, mwanangu. Na hili uliandike."

Ilikuwa alasiri ya joto. Udi ulikuwa umejaa nyumba nzima, asumini nywelini, wanawake wakiimba chumba cha pili kwa sauti za chini chini. Niliegemea ukuta na sidhani kama nilikuwa macho. Niliona mapazia yakipumua, nikaona akina mama wakipita na sinia kana kwamba hawakanyagi chini. Nilitamani nisiondoke kamwe.

Mara vigelegele. Bwana harusi ametoka kufunga nikaha msikitini, amekuja kumpa mkono mkewe.

Mila ya hapa, chumba cha bibi harusi hufungwa, na mume haingii mpaka atoe ada ya mlango. Walioushika mlango siku ile ni Bi Mwanasha na shoga zake wanne, wote vibarua wa godauni lile lile. Na Faraj, aliyezoea kuwachagua, akasimama mbele yao na joho lake, jasho linamtiririka.

Akatoa noti.

"Pesa zako tia mfukoni," Bi Mwanasha akamwambia. "Nataka ile nafasi ya kudumu."

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakaona yeye hacheki.

"Somo, jamani, hayo si mambo ya ofisini?"

"Nami ofisi yangu ndiyo hii. Huingii!"

Wajomba wa Faraj nyuma yake wanatazama dari. Ndani, Nuru akakohoa kidogo, wallahi nilimsikia.

"Haya," Faraj akasema. "Jina lako nitalipeleka. Naapa."

Mlango ukafunguliwa, na vigelegele vikapanda hadi barabarani.

Ningependa uzi uishie hapo. Lakini ada ya mlango, wakuu, ni ya wote walioushika. Hailiwi na mtu mmoja.

Fungate ilipokwisha Faraj alirudi kazini na jina likapita. Bi Mwanasha akaja langoni, wale wanne nyuma yake.

"Mlango tuliushika watano," akasema.

"Nafasi ni moja, somo. Ningekuwa nazo tano ningewapa."

Bi Mwanasha akamtazama, akaamini. Akarudi akajipanga ukutani na wenzake. "Basi chagua kati yetu sote, kama siku zote."

Hapo shoga yake mmoja, Mwaka, akamkemea: "We Mwanasha, na magoti hayo? Ingia!" Wakamshika wote wanne, huyu bega, huyu kiuno, wakaanza kumwimbia ule wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao. Pale pale, katikati ya matrela. Dereva mmoja akapiga honi kushangilia. Bi Mwanasha analia na kucheka, anasukumwa, mpaka akavuka.

Faraj akatazama chini. Kisha akanyoosha kidole. Wewe. Na wewe.

Wawili wakaingia. Mwaka na mwenziwe wakashika njia ya nyumbani, bado wanaimba, pole pole.

Mtafiti wangu alizifurahia zile data. Mimi funzo langu ni hili: Faraj alitimiza ahadi, Bi Mwanasha hakumdhulumu mtu, na wale wanne hawakuwa na husuda hata chembe. Kila mtu alitenda wema, na wawili wakakosa kazi vile vile.

Mngekuwa nyinyi ndio Bi Mwanasha, mngeingia? Nasubiri kuwasikia.